Nyumba ya zamani Lubumbashi: ukatiwe bei, muuzaji atengeneze, au uzuie pesa?

Muuzaji anaomba dola 90,000. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, ya miaka ya 1950, vyumba vinne, parseli pana yenye miembe miwili. Juu kuna eterniti iliyoota kuvu nyeusi, robine ya jikoni inatoa maji kama uzi, na jina lililo kwenye cheti ni la baba aliyefariki. Anayetafuta nyumba Makomeno, Kalubwe au Bel-Air hakawii kukutana na ya namna hii.

Kuna njia tatu za kupatana. Ya kwanza, ukatiwe bei, uichukue nyumba jinsi ilivyo na utengeneze mwenyewe. Ya pili, muuzaji atengeneze kwanza, kisha ulipe bei iliyo karibu na ile anayoomba. Ya tatu, bei ikubaliwe lakini sehemu ya pesa ibaki mpaka jambo fulani likwishe. Wanunuzi wengi hushika njia moja na kuitumia kwa kila kasoro, na huko ndiko kuumia. Kasoro ya jengo ina fundi na ina bei, kwa hiyo inaweza kutolewa kwenye dola 90,000. Kasoro ya karatasi haina bei mpaka siku inapokwisha. Anayekubali punguzo la dola 10,000 ili "amalizane mwenyewe na mambo ya familia" anaweza kupoteza 80,000 zilizobaki.

Kukatiwa bei na kuichukua jinsi ilivyo

Hii ndiyo njia ya paa, maji, umeme, fosi (shimo la choo), milango na rangi. Faida yake si punguzo peke yake. Anayetengeneza nyumba atakayolala ndani yake hununua malata (mabati) mazito. Anayetengeneza ili auze hununua mepesi kuliko yote (kwenye malata, namba ya BG ikipanda unene unashuka, kwa hiyo BG 32 ni jembamba kuliko BG 28), anapiga misumari mitupu bila vifuniko vya mpira, na mvua ya tatu inamkuta mnunuzi peke yake.

Tuanze na paa, kwa kuwa ndilo linalokula pesa nyingi. Nyumba nyingi za zamani za jiji zilifunikwa kwa eterniti, yaani simenti iliyochanganywa na asbesto. Ikiwa nzima na haiguswi, haisumbui. Ikikatwa, ikitobolewa au ikivunjwa, inatoa vumbi la nyuzi ndogo sana ambazo zikikaa mapafuni huleta makovu na saratani baada ya miaka mingi. Kwa hiyo kuishusha si kazi ya vijana wawili na nyundo. Inalowanishwa maji, boliti zinafunguliwa, bamba linateremshwa zima, wafanyakazi wamevaa maski za kuchuja vumbi, na mabaki yanafungwa kwenye plastiki nene. Wala usikubali fundi atembee juu yake wakati wa kukagua. Eterniti ya miaka sitini imekauka, inaweza kupasuka chini ya mguu bila onyo, kwa hiyo akae juu ya ubao uliolala kwenye mbao mbili au zaidi. Gharama ya kushusha ndiyo inayosahauliwa: watu huhesabu malata mapya, na ya zamani wanayaacha kana kwamba yatajishusha.

Hesabu ya malata ifanye mbele ya muuzaji. Nyumba ya mita 10 kwa 12, paa likitokeza sentimita 60 kila upande, inafunika mita 11.2 kwa 13.2, karibu mita za mraba 148. Mwinamo wa nyuzi 15 unazifikisha 153. Lata la mita 3, likishalaliana sentimita 20 kwa urefu na kufunikana pembeni, linabaki na kama mita za mraba 2.1 zinazofanya kazi. 153 ukigawa kwa 2.1 ni 73. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa kukata na kuharibika, unafika malata 80. "Paa limechoka" ni maneno, na muuzaji anayo majibu yake. "Malata 80, mbao, misumari, usafiri, fundi, kushusha eterniti" ni karatasi, na karatasi hujibiwa kwa karatasi.

Kabla ya kuandika hiyo bei, panda ndani ya plafo (dari) na tochi na bisibisi. Choma mbao pale inapoingia ukutani na pale paa linapokutana na bomba la moshi, kwa kuwa huko ndiko maji hukaa. Mbao nzima inaikataa ncha, ile ya mchwa inaimeza. Tafuta pia vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, hasa nyuma ya makabati na kwenye fremu za milango. Kama mchwa wameshafika kwenye shapante, yaani mbao zinazobeba paa, si malata tena unayonunua, ni paa zima, na hesabu ya mwanzo itupe.

Maji yanapimwa kwa ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Jaza ndoo kwenye robine iliyo karibu na konteri (mita ya maji), andika sekunde. Nenda kwenye robine ya mbali zaidi ndani ya nyumba, jaza tena. Kama ya kwanza ilichukua sekunde 40 na ya pili dakika mbili na nusu, lawama haiendi kwa Regideso, kampuni ya maji. Tuyo (mabomba) za chuma zilizopakwa zinki zimeota kutu kwa ndani mpaka zimebaki na tundu la kalamu, na hakuna dawa ya kuzizibua. Hubadilishwa zote, kwa kawaida kwa tuyo za plastiki, na ukuta hukatwa. Lakini kama zote mbili zilichukua dakika mbili na nusu, tatizo liko barabarani, na muuzaji ana haki ya kukataa kukatwa bei kwa ajili ya ndani. Kisha funga robine zote na uitazame konteri. Ikiendelea kuzunguka, kuna mahali maji yanapotea ardhini.

Umeme: fungua swichi moja na sanduku la fyuzi. Waya zilizofunikwa kwa kitambaa au mpira unaomong'onyoka ukiugusa zimemaliza maisha yake. Nyumba hizi zilivutiwa waya wa taa na redio. Leo mtu anachomeka rasho (majiko ya umeme) mbili za wati 1,500 kwenye prizi moja, hiyo ni karibu ampea 14 kwa volti 220, na waya mwembamba wa zamani unapata moto ndani ya ukuta. Uliza pia waya wa ardhi. Jibu la kawaida ni kwamba haupo.

Fosi isichukue muda mrefu: mwaga ndoo nne za maji chooni, moja baada ya nyingine, na usikilize. Ikigugumia au kurudi, imejaa au mizizi ya mwembe imeingia. Kama kuna kisima, pima umbali wake kutoka kwenye fosi. Chini ya mita 30, maji yake usiyahesabu kama faida ya nyumba.

Kuna kasoro moja ya jengo ambayo hatushauri kuikatia bei siku hiyohiyo, nayo ni ufa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni wa rangi. Ufa unaoanza kwenye kona ya dirisha na kushuka kama ngazi, ukifuata simenti kati ya matofali, ni wa msingi, na kama kalamu inaingia, mwite fundi anayejua misingi, wa plasta hatakusaidia. Huku kwetu sababu ya kawaida ni udongo. Parseli nyingi zilikuwa na vichuguu vikubwa vilivyosawazishwa, na udongo wa kichuguu ni mfinyanzi: hufura mvua ikinyesha, hujikunja kiangazi. Nyumba iliyokalia nusu kichuguu na nusu ardhi ya kawaida inavutwa pande mbili. Omba ruhusa ya kubandika kipande cha jipsi, urefu wa sentimita 10, kikikatiza ufa, na uandike tarehe juu yake. Kikipasuka ndani ya wiki chache, nyumba bado inatembea na hakuna fundi anayeweza kukupa bei ya kweli. Kikibaki kizima, kumbuka kwamba ulikibandika katika majira mamoja tu. Muuzaji akikukataza kubandika jipsi ya dola moja, amekujibu.

Muuzaji atengeneze kwanza

Kwa ukuta na paa njia hii ni mbaya, tumeshaona sababu. Ishara yake ni plafo iliyopakwa rangi mpya chumba kimoja tu, mwezi wa Agosti. Chini ya rangi hiyo kuna alama ya maji ya Februari. Lakini kwa karatasi, madeni, wapangaji na mipaka, ndiyo njia pekee inayofaa, kwa sababu mwenye uwezo wa kuyamaliza ni muuzaji, na nguvu ya kumsukuma unayo kabla ya kulipa tu.

Kwa sheria ya 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Haki hiyo huthibitishwa na cheti kiitwacho certificat d'enregistrement, kinachotolewa na konservatere wa hati za nyumba na ardhi. Karatasi nyingine ambazo komisionere (dalali) atakuonyesha si sawa nacho, na tofauti hiyo iingie kwenye bei:

Fishi ya parseli ya komini inaonyesha nani anajulikana kwenye katiye (mtaa). Ni ushahidi mzuri wa kukaa, si haki. Kontrati ya location ni hatua ya mwanzo, ya miaka isiyozidi mitatu, ambayo mtu hupewa ili ajenge. Aliyenayo bado hajafika kwenye cheti. Livret de logeur, kile kitabu cha zamani cha mwenye nyumba, utakikuta zaidi kwenye komini za jiji za Kenya, Katuba na Kamalondo, kwenye nyumba zilizorithiwa mara mbili au tatu. Sheria ya 1973 iliacha mlango wa kukigeuza kuwa hati kamili pale parseli zilipopimwa na kuidhinishwa, lakini kupita kwenye mlango huo kuna gharama na miezi. Kwa nyumba yenye kitabu, usiombe punguzo: omba muuzaji aanze safari hiyo kwa jina lake, au wewe ulipe ada rasmi moja kwa moja ofisini, risiti iwe mkononi mwako, na kiasi hicho kitolewe kwenye bei.

Hata cheti kisomwe mpaka mwisho. Mkongomani anaweza kuwa na konsesio (haki ya kutumia ardhi) ya kudumu, isiyo na kikomo cha muda. Kampuni au mgeni ana konsesio ya kawaida yenye kikomo, mara nyingi miaka 25 inayoweza kufanywa upya. Uliza imebaki miaka mingapi. Kama imebaki mitatu, kuifanya upya ni kazi ya muuzaji kabla ya mauzo. Kwa nyumba za katikati ya jiji, uliza pia safari ya umiliki tangu miaka ya 1970. Zairianization iliyotangazwa 30 Novemba 1973 ilihamisha nyumba nyingi kutoka mikononi mwa wageni, nyingine ziliitwa mali zilizoachwa, na kesi zake bado hutokea kwa sura ya mjukuu mwenye faili. Nyumba zilizojengwa na makampuni, ziwe za migodi au za reli, nyingine ziliuziwa wafanyakazi na nyingine hazikuuzwa. Kukaa humo miaka 30 hakumgeuzi mkazi kuwa mwenye nyumba, kwa hiyo omba barua ya kampuni ya kuuza na cheti kilichofuata.

Halafu familia. Sheria ya familia, ile ya 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa 2016, inataka mume na mke wakubaliane wote wawili ardhi inapouzwa, hata kama cheti kina jina moja. Sahihi ya mume peke yake ni nusu ya mauzo. Kama mwenye jina amefariki, watoto wake wote ni warithi wa kwanza, pamoja na wa nje ya ndoa aliowatambua, na mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba. Anayeuza awe likidateri wa urithi (msimamizi wa mali ya marehemu) anayetambuliwa, si kijana mwenye funguo. Mkitaja bei kabla ya hapo, mjue mnajizoeza tu.

Madeni yamalizwe kabla ya sahihi: bili za mwisho za Regideso na za SNEL, kampuni ya umeme, zilizolipwa, na risiti za kodi ya nyumba. Wapangaji wapewe notisi na muuzaji, si na wewe. Mipaka ipimwe kwa dekameta kutoka bone (jiwe la mpaka) hadi bone, mbele ya jirani, na ilinganishwe na mchoro wa kadasta. Nyuma ya nyumba za zamani mara nyingi utakuta kipande kilichokwisha kukatwa na kuuzwa, na ukuta mpya ukikuambia hivyo kabla ya mtu yeyote.

Kuzuia sehemu ya pesa

Njia hii ni ya mambo yanayohitaji muda na ambayo pande zote mbili zimeshayakubali: mutation ya cheti kuja kwenye jina lako, mpangaji wa mwisho kuondoka, deni linalosubiri bili. Kwa kawaida tunapendekeza sehemu moja ya kumi ya bei. Ikiwa ndogo zaidi, muuzaji hataona sababu ya kupanga foleni kwa konservatere. Ikiwa kubwa zaidi, atakataa kukupa funguo.

Hapa huharibikia mahali pawili. Pesa ikibaki mfukoni mwa mnunuzi, muuzaji anaogopa na ana haki ya kuogopa, kwa hiyo iwekwe benki au kwa mtu wa sheria mnayemwamini wote, kwa karatasi inayosema itatoka lini. Pili, sharti likiandikwa kwa maneno ya jumla, kama "mambo ya nyumba yakikwisha", hakuna siku yatakapokwisha. Andika kitu kinachoonekana: "cheti kipya chenye jina la mnunuzi kikitolewa", "vyumba viwili vya nyuma vikiwa vitupu na funguo zake kukabidhiwa". Weka pia tarehe, na kitakachotokea tarehe ikipita.

Usitumie kuzuia pesa kwa paa linalovuja. Muuzaji atamtuma fundi na lami, tone litakoma wiki mbili, na utalazimika kumlipa.

| Kasoro | Kukatiwa bei | Atengeneze kwanza | Kuzuia pesa |
|---|---|---|---|
| Paa, tuyo, waya, fosi | Ndiyo | Hapana | Hapana |
| Ufa wa ngazi | Baada ya kupima tu | Hapana | Hapana |
| Cheti cha marehemu, sahihi ya mke au mume | Kamwe | Ndiyo | Hapana |
| Livret de logeur bila cheti | Ada rasmi tu | Ndiyo | Kwa mutation |
| Bili za maji na umeme | Kama kiasi kinajulikana | Ndiyo | Inawezekana |
| Wapangaji | Hapana | Ndiyo | Kwa wa mwisho |

Uliyekaa naye mezani ni nani

Mwenye nyumba mwenyewe, aliye hai na mwenye cheti, ndiye rahisi kuliko wote na ndiye mgumu kwa bei, kwa sababu anauza pia miaka yake. Usiidharau nyumba mbele yake. Sifu kilicho kizuri, kisha uonyeshe namba. Mazungumzo yanayofaulu yanafanana na haya:

"Hii nyumba walijenga Wabelgiji, mwanangu. Angalia matofali."

"Kweli, mama, kwa matofali sina neno. Lakini hata tuyo ni za Wabelgiji, na tangu waende hakuna aliyezigusa. Ndoo tumeijaza pamoja, umeona mwenyewe."

Kipimo alichokishuhudia hawezi kukikataa, na hakimtukani.

Warithi ni wapole kwa bei na wagumu kwa muda. Mmoja yuko Likasi, mwingine Kinshasa, mwingine hapokei simu. Wao huwaza fungu, hawawazi jumla. Warithi sita waliokubaliana kugawana sawa wanaielewa haraka dola 78,000, maana ni 13,000 kwa kila mmoja, kuliko 79,000 ambayo inaacha mabaki ya kugombania. Toa bei inayogawanyika. Kila mrithi asahihi, au awe na prokurasio (karatasi ya kuwakilishwa) ya kweli kutoka kwa notari wa mji aliko, ambayo utaihakikisha kwa kupiga simu huko.

Komisionere anajua nyumba zinazouzwa kabla ya kibao kuwekwa, na hilo lina thamani. Lakini akilipwa asilimia, kila dola unayoipunguza inamtoka na yeye. Wengine huongeza juu: mwenye nyumba amesema 82,000, wewe unasikia 90,000. Dawa ni mbili. Mpatane naye kiasi kisichobadilika bei ikishuka, kilipwe siku ya sahihi, wala si siku ya avansi (malipo ya kwanza). Na kabla ya kutaja bei yako, mwombe mwenye nyumba aitaje yake kwa mdomo wake, komisionere akiwa amekaa hapohapo. Nani anamlipa, muuzaji au mnunuzi, kisemwe siku ya kwanza.

Kutaja bei

Turudi kwenye zile 90,000, kwa namba za mfano. Tuseme mafundi wako wameandika paa 5,200, maji 1,800, umeme 1,500, fosi 700. Jumla ni 9,200. Ongeza asilimia 15 kwa yaliyojificha, maana nyumba ya zamani ikifunguliwa ukuta mmoja hutoa habari ya ukuta wa pili: 1,380. Unafika 10,580, na nyumba inabaki na thamani ya 79,420.

Hesabu hiyo ni halali kama 90,000 ndiyo bei ya nyumba iliyokwisha kutengenezwa barabara hiyohiyo. Kama ya jirani, yenye malata na tuyo mpya, iliuzwa 85,000, anzia 85,000. Na kama nyumba mbovu kama hii huenda 80,000, basi ubovu umeshahesabiwa, huwezi kuutoa mara mbili. Kosa hili la kukata mara mbili ndilo humfanya muuzaji afunge geti.

Taja kwanza 76,000, ukiwa na karatasi za mafundi mezani. Ukitaja 60,000 utaonekana hujaja kununua. Muuzaji atashuka hadi 86,000 kwa heshima. Usijibu kwa namba mara moja, muulize ni kifungu gani kwenye karatasi anachokipinga. Akisema umeme bado mzuri, mfungue swichi tena pamoja. Kila kifungu alichokikubali kimeshuka bei bila kelele. Mtakutana karibu na 78,000 au 80,000, na ukiona amekwama kwa 1,000 ya mwisho, mpe kitu kisicho pesa: wiki sita zaidi za kukaa, au abaki na genereta na tanki.

Wakati pia ni chombo. Mvua za Novemba hadi Machi zinakuonyesha paa bila kulipia fundi, na nyumba iliyokaguliwa Januari siku moja baada ya mvua kubwa haina siri nyingi. Kiangazi kinampendelea muuzaji, isipokuwa karibu na Septemba: ada za shule zikikaribia, mwenye haraka hukubali bei ya chini kwa pesa iliyo tayari.

Malipo ya 78,000 tunayagawa hivi: 7,800 siku ya mapatano yaliyoandikwa, 62,400 kwa notari baada ya konservatere kuthibitisha kwamba cheti ni cha kweli na hakina rehani wala zuio, na 7,800 za mwisho mutation ikitoka. Avansi kubwa ni hatari: muuzaji huitumia, mnunuzi mwingine hutokea na 85,000, na aliyetumia hana cha kukurudishia. Andika kwamba akiuza kwingine anarudisha mara mbili. Kwa urithi ambao haujamalizika, avansi isitoke kabisa. Mapatano yaseme wazi nani analipa ada ya mutation, kwa sababu hukokotolewa kwa asilimia. Msiandike bei ya uongo ili kuipunguza, maana mauzo yakivunjika mahakamani, utadai kile kilichoandikwa.

Pesa kubwa ipite benki. Sheria ya 2004 dhidi ya kutakatisha fedha ilikataza kulipa taslimu kuanzia dola 10,000, na nakala ya malipo ya benki ni shahidi asiyesahau. Kwa kiasi kidogo cha mkononi, zikague noti mbele ya mashahidi: yenye mchaniko hata wa milimita au alama ya kalamu itakataliwa kesho, na ugomvi wa nani aliileta hauna mwisho.

Siku ya funguo, someni konteri ya maji na ya umeme pamoja, andikeni namba zote mbili kwenye karatasi ya makabidhiano, hesabuni robine, milango na funguo kimoja kimoja, kisha msahihi chini ya hesabu hiyo.